Mahali Ilipokuwa Mizani

Kariakoo, Jumamosi alasiri

Zena mwanangu,

Wewe na Baba Bakari mmetoka sasa hivi kwenda kutafuta kufuli la sanduku, na kwa jinsi ninavyomjua mume wangu, mtazunguka soko zima mpaka apate linalofunga kwa mlio anaoupenda. Bibi yako yuko uani anachambua mchele. Kwa hiyo nina saa moja au mbili peke yangu. Sanduku lako la bati liko wazi mbele yangu, jina lako limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, na kesho saa kama hizi utakuwa unasubiri treni ya Tabora.

Maagizo sitayaandika hapa. Ya vidonge, ya kliniki ya kule, ya nani umwambie bwenini na akufanyie nini ikitokea, yote yamo kwenye bahasha ya kaki kwa mkono wa daktari. Hii ni barua ya mambo niliyoshindwa kukuambia uso kwa uso, na naanza na lile dogo. Asubuhi ya leo, ulipokuwa unaoga, niliificha mizani ndani ya sanduku lako. Niliiviringisha kwenye blanketi na kuiweka chini kabisa, ili uikute ukishafika, ukiwa mbali, ukiwa huwezi kunirudishia.

Nimeitoa. Iko hapa mezani. Nitakueleza kwa nini niliiweka na kwa nini nimeitoa, na ukimaliza kusoma utakuwa unanijua kuliko ulivyonijua ulipokuwa unalala chumba cha pili.

Ulikuwa na miaka mitano ulipoanguka mara ya kwanza, pale bombani, mbele ya foleni ya ndoo. Marehemu baba yako alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Majirani walisema degedege, kisha ilipojirudia bila homa wakasema maneno mengine, na wengine wakawaita watoto wao ndani kila ulipotoka kucheza. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, napiga chapa ofisini, najiona mjuzi wa mambo. Nikakupeleka hospitali. Walikupa vidonge, ukalala kutwa nzima, na bado ulianguka. Kuna wiki ulianguka kila siku. Nilijifunza kuijua dakika ile kabla hujaanguka, macho yako yalivyokuwa yanatazama kitu nyuma yangu ambacho hakikuwepo.

Ulipokuwa na miaka saba tukakutana na yule daktari, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, unamkumbuka vizuri. Alisema kuna njia ya kula inayowasaidia baadhi ya watoto ambao vidonge vimewashinda. Mafuta kwa wingi, samaki na mayai kwa kipimo, majani kidogo, na vyakula vya wanga karibu vyote viondoke: wali, ugali, muhogo, viazi, ndizi, mkate, sukari. Mwili ukikosa wanga huanza kuishi kwa mafuta, akasema, na kwa baadhi ya watoto ubongo hutulia. Hakuniahidi. Alisema tu kwamba nikikubali nisifanye nusu nusu, kila kitu kipimwe, na nikulete kila mwezi akupime na yeye.

Mizani ya jikoni ya kupima vitu vidogo namna ile niitoe wapi? Nikaenda kwa sonara, yule mzee aliyekuwa anafunga kazi, nikampa doti mbili za khanga zangu mpya naye akanipa mizani yake ya dhahabu. Visahani viwili vya shaba, mnyororo, na vijiwe vyake kwenye kisanduku cha mbao. Kuanzia siku hiyo chakula chako kilipimwa mahali zilipokuwa zikipimwa pete za maharusi.

Kila alfajiri nilikuna nazi. Tui la kwanza, lile zito, lilikuwa lako, na tui la pili ndilo tulilopikia mimi na Bibi. Miaka ile ya unga wa yanga, ule wa njano, mtaa mzima ulikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika tangu giza, mimi nafasi yangu nilimwachia jirani yetu Mama Shomari naye akinipa mayai. Ni yeye aliyeniambia siku moja mbele ya watu, "Mama Zena, huyu mtoto unamlea Kizungu? Wenzake wanajua ugali wa njano na mweupe, yeye hajui hata ugali wenyewe." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa tayari kuchekwa mpaka kiyama, kwa sababu mwezi ulikuwa umepita hujaanguka. Kisha ukapita mwingine. Kisha nikaacha kuhesabu kwa siku nikaanza kuhesabu kwa misimu ya mvua.

Nataka ujue hilo kabla sijafika kwenye makosa yangu. Ule ukali ulikuokoa. Sijutii hata gramu moja ya miaka miwili ile ya kwanza.

Lakini ninaikumbuka pia Idd ile kwa shangazi yako Msimbazi. Watoto walizunguka sinia la pilau, mikono imeoshwa, wanagombea viazi. Wewe ulikuwa na bakuli lako la samaki wa tui, umekaa pembeni, umeligeuzia sinia mgongo kwa adabu kama mtu aliyeambiwa asiangalie. Nilipopita ukanivuta gauni ukaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, kunusa kunaruhusiwa?"

Nilikujibu kunaruhusiwa. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka wanja ukanichafua.

Baada ya miaka miwili daktari alisema, "Sasa tulegeze. Hatukusudii aishi hivi maisha yake yote. Vijiko viwili vya wali kwa siku, wiki mbili. Halafu kipande cha muhogo. Polepole, ngazi kwa ngazi, mpaka afike mahali anakula kama watu, ila kwa kiasi, na sukari aiache." Nilitoka pale nimefurahi, nikakupikia wali wako wa kwanza, vijiko viwili, nikavipima kwenye visahani vya shaba. Ulikula punje moja moja. Ulichukua muda mrefu kuliko Bibi anavyochukua kuswali.

Wiki ya tatu ukashikwa na malaria. Homa ikapanda, na usiku wa pili ukaanguka, ukatikisika mikononi mwangu kama zamani.

Daktari alinieleza waziwazi. "Homa ndiyo iliyomtikisa, Mama Zena, si wali. Akipona endelea tulipoishia." Nikamwambia sawa. Nilirudi nyumbani, nikachukua wali uliobaki sufuriani nikampelekea Mama Shomari, na kwa karibu miaka mitatu nyumbani kwetu hakukupikwa wali wala ugali tena. Hata Bibi nilimkataza. Alikuwa anakwenda kula kwa dada yake Buguruni, mtu mzima yule, kama mwizi.

Hapa ndipo penye kosa langu, na si lile ulilonisamehe. Ulilonisamehe ni kile kibao. Hili lilikitangulia.

Kila mwezi tulikwenda kliniki. Daktari alikupima urefu na uzito, akaandika, akakunja uso. Ulikuwa hukui. Nguo za mwaka juzi zilikutosha. Akaniuliza, "Nilisema umpe muhogo. Unampa?" Nikasema, "Nampa, daktari." "Na wali?" "Anakula." Wewe ulikuwa umekaa kwenye kile kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia, ukaniangalia. Mwezi uliofuata akaniuliza tena, nikajibu vilevile, na safari hiyo hukuniangalia, uliangalia viatu vyako. Nadhani uliniona nikidanganya mara nyingi kuliko nilivyokuona ukianguka.

Najua nilichokuwa nakiogopa. Nilikuwa nimepata kitu kimoja duniani kilichonitii. Baba yako hakunitii, alikufa. Ugonjwa haukunitii. Mizani ilinitii. Nikiweka kijiwe upande huu na samaki upande ule, vinakaa sawa, na wewe unabaki umesimama. Nikaamini kwamba nikiondoa mkono wangu kidogo tu, dunia itapinduka. Sikuwa nakulisha tena, nilikuwa najilinda mimi.

Basi ukafika darasa la sita, ukarudi siku moja na chumvi ya pilipili kwenye kola ya sare, na kucha zina majivu. Nikajua ni muhogo wa kuchoma wa yule mama wa getini. Nikakuuliza umeanza lini. Ukasema tangu muhula ulipoanza. Muhula mzima, Zena, na hukuwa umeanguka hata mara moja, na badala ya kusikia hilo nilisikia kwamba umenidanganya. Nikakupiga kibao. Hukulia. Ulishika shavu ukasema, taratibu kabisa, "Mbona wewe ulimwambia daktari nakula."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Sasa nikueleze habari ya Baba Bakari, na unisamehe nikizidisha, maana nina miezi miwili tu ya ndoa na bado nikisikia anakohoa mlangoni moyo wangu unaruka kama wa msichana. Unajua nilivyokutana naye, lakini hujawahi kusikia kutoka kwangu. Nilikuwa navuka viwanja vya Mnazi Mmoja natoka kazini, mvua ikanikuta katikati, hakuna pa kujificha. Mwanamume mmoja akaja mbio na gunia tupu, akanifunika nalo bila kuniuliza, naye akatembea kando yangu analowa, mpaka kwenye veranda ya duka. Hakusema neno la ovyo. Alisema tu, "Samahani dada, gunia lina unga." Nilifika nyumbani nina uji kichwani. Mimi, ambaye sikuruhusu chembe ya unga ipite kizingiti, nimependwa na mtu wa mashine ya kusaga.

Nilimpa masharti magumu, maskini. Akija kutusalimia lazima ajikung'ute nje, anawe mpaka viwikoni, anawe nyusi. Alifanya hivyo kila jioni bila kuuliza sababu, na ndiyo maana mpaka leo, hata akitoka msikitini, anajikung'uta mlangoni kwanza. Ukimwona anafanya hivyo ujue ni mapenzi, ingawa yeye mwenyewe amesahau.

Alikuwa ameshaleta posa wakati wa kibao kile. Jioni alinikuta barazani na Bibi, macho yamevimba, nikamweleza yote, hata la daktari. Nilidhani atanishauri, maana wanaume wa mtaa huu wote walikuwa na ushauri kuhusu wewe. Badala yake akauliza, "Ngazi ya kwanza ni vijiko vingapi?"

"Viwili."

"Basi mpimie viwili. Na mimi nipimie viwili hivyo hivyo."

"Wewe unabeba magunia kutwa, utaanguka."

"Nikianguka tutajua ni mizani, si mtoto."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mwanamume gani huyu, anachumbia huku amefunga?"

Mwanangu, ulikuwepo, uliyaona. Mtu wa Masasi, aliyelelewa kwa ugali, anayesaga unga wa nusu ya Kariakoo, alikula kama wewe kwa mwaka na zaidi. Vikiwa viwili, mlikula viwili. Mkapanda vinne pamoja. Mkapanda kipande cha muhogo, mkakaa hapo mwezi mzima kwa sababu wewe uliumwa kichwa na mimi nikaogopa, na hakunung'unika. Wenzake mashineni walimtania. "Bakari, unga wako una sumu? Mbona huli?" Akawajibu kwamba anafundishwa kula na binti yake. Alisema binti yake. Hatukuwa tumeoana bado. Aliyeniletea maneno hayo ni Mama Shomari, na siku hiyo nilimsamehe vicheko vyake vyote.

Lakini kabla ya kijiko cha kwanza kulikuwa na kazi yangu mimi. Nilikwenda kliniki na wewe, nikamwambia daktari nilimdanganya. Sauti ilinitoka ndogo. Hakunigombeza. Aliweka kalamu chini akasema kitu ambacho ningependa kiwe chako kuliko changu: "Kukataa kabisa ni rahisi, Mama Zena. Unaamua mara moja tu. Kula kidogo ndiko kugumu, kwa sababu unaamua kila siku." Kisha akakugeukia wewe, si mimi, akakueleza ngazi zote, akakuuliza kama umeelewa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kukuuliza wewe.

Ulirefuka kidole kizima mwaka ule. Nilishusha pindo la sare yako mara mbili, nikaimba.

Na harusi yangu. Nilikaa kwenye kiti changu na hina zangu mpaka viwikoni, nimejifukiza udi, mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika jiji hili, na macho yangu yalikuwa kwenye mkono wako tu. Ulikuwa kwenye sinia na wasichana wenzako. Tonge la kwanza. La pili. La tatu, pamoja na nyama. Nilikuwa nahesabu kwa midomo. Bakari akaniinamia akasema, "Mke wangu, niangalie na mimi, leo ni harusi yangu." Nikamwangalia, nikacheka, na nilipogeuka tena ulikuwa umeshamaliza. Wali ulikuwa bado umejaa mbele yenu, wenzako bado wanakula, wewe umejiondoa mwenyewe, umenawa, unacheka na mtu. Hakuna aliyekuambia acha. Mimi sikuwa naangalia.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miezi miwili.

Kwa hiyo asubuhi, nilipoiweka mizani sandukuni, nilijua nafanya nini. Nilikuwa narudi nyuma. Nilijiambia bwenini chakula ni ugali na maharage, uji wa sukari asubuhi, nani atakupimia. Nilikuwa hata nimeanza kuandika barua kwa mkuu wa shule, kwa taipu ya ofisini, kuomba usipewe ugali kabisa, uletewe mayai. Daktari hajasema hivyo. Daktari alisema ugali kiasi cha ngumi yako, maharage, mboga kwa wingi, uji bila sukari au uuache, na vidonge visikose. Ile barua ilisema ninavyoogopa mimi. Nimeichana. Vipande vimo kwenye jiko la mkaa.

Siwezi kukuahidi kwamba hutaanguka. Daktari hajaahidi, na mimi nimejifunza kutoahidi. Inaweza kutokea, kwa homa, au kwa kukosa usingizi, au bila sababu yoyote ambayo mtu ataijua. Ikitokea, nakuomba usijiulize ulikula nini. Mimi nilijiuliza hivyo kwa miaka mitatu na jibu nililolipata lilikuwa la uongo. Mwambie muuguzi, pumzika, kisha kesho yake rudi kwenye sinia na wenzako.

Na utachoka. Zipo siku utatamani mtu akuamulie, aseme usile kabisa, ukae pembeni na bakuli lako, upumzike kuamua. Nakuambia kwa sababu mimi nimepumzika hapo, na najua palivyo pazuri, na jinsi ilivyo vigumu kutoka. Siku nyingine utatamani kula mpaka ushibe kama wote na liwe litakalokuwa. Sina neno la kukupa kwa siku hizo. Nina ngumi yako tu. Ikunje uiangalie. Imekuwa kubwa kidogo kuliko mwaka jana.

Jambo la mwisho ni la kliniki. Kama daktari wa kule atakuuliza unakula nini, mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni mbaya. Nilikufundisha kinyume chake, ukiwa umekaa kitandani miguu inaning'inia, na katika yote niliyokutendea ni hilo ninaloomba ulisahau.

Mizani sitaiuza wala sitaitupa. Bakari anasema tuitundike ukutani. Nimemwambia hapana, itakaa kabatini na hati ya ndoa na picha ya baba yako, ndani ya kisanduku chake. Ilifanya kazi yake vizuri. Barua hii ndiyo nitakayoiweka ndani ya blanketi, palepale.

Nasikia sauti zenu nje. Anakueleza jambo la kufuli, na wewe unacheka, na sasa anajikung'uta mlangoni, siku ya mapumziko, shati safi. Bibi amemaliza mchele lakini leo nimemwambia auweke. Leo tunakula ugali wa unga wa mashine ya mume wangu, sisi wanne, sinia moja.

Maji yamechemka. Nakwenda kusonga. Ukinyoosha mkono, mwanangu, mimi nitakuwa naangalia uso wako.

Mama yako,
Rehema